Ukurasa wa Nyumba: Ukoko Mweupe wa Birika la Umeme

Katika nyumba nyingi za mwambao, birika la umeme limeshika pahala pa kandirinya ya mkaa. Nayo haipiti miezi mingi ila huonekana ndani yake ukoko mweupe, na vijigamba vyake vikaelea katika chai ya mgeni. Hapo mavyaa humtazama mkaza mwana kwa jicho la lawama, akidhani kuwa haoshi vyombo. Dhana hiyo si ya haki, kwani kosa si la mkono wa mtu, bali ni tabia ya maji.

Maji ya visima vingi vya Mombasa na Unguja hupita katika mawe ya matumbawe, yakachukua chokaa iliyoyeyuka, isiyoonekana kwa macho. Yachemkapo, hewa ya kaboni hutoka, na chokaa hurudi kuwa jiwe, ikaganda chumani. Kuinywa hakudhuru, lakini huzuia moto usiyafikie maji upesi, basi umeme hutumika zaidi na chombo hufa kabla ya siku zake.

Sabuni haiondoi ukoko huu, wala usiukwaruze kwa kisu. Dawa yake ni kitu kichachu: siki nyeupe, au maji ya ndimu. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, utie hata ukoko ufunikwe, wala usipite nusu ya birika, lisije likafurika. Chemsha mara 1, chomoa waya, kisha acha kwa dakika 30. Mapovu utakayoyaona ndiyo chokaa inayeyuka. Mwaga, pangusa kwa kitambaa laini, kisha chemsha maji matupu mara 2 na kuyamwaga, hata harufu ya siki itoweke.

Jihadhari na mambo matatu. Usilitose birika zima majini. Waarifu watu wa nyumbani, asije mmoja akatia majani ya chai katika siki. Wala usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hutoka hewa ya sumu iumizayo mapafu.

Atumiaye maji ya kisima na afanye hivi kila mwezi. Na mavyaa naye, auonapo tena weupe ule, na aulize kwanza habari ya maji, kabla ya kuuliza habari ya mkono wa mwenziwe.