Neno ‘ujasiriamali’ linawapotosha wakubwa wetu

Miezi michache iliyopita, kampuni moja jijini Nairobi iliniomba niifasirie kwa Kiswahili vitini vya warsha ya siku mbili kuhusu ujasiriamali na ubunifu. Ukumbini palitundikwa bango kubwa lililowataka mameneja wathubutu, na wakufunzi waliokodiwa walilirudia neno hilo tangu asubuhi hadi jioni. Wakati wa chai, dereva wa lori la kusambaza bidhaa, mzee aliyekuwa ameitumikia kampuni hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, hawa wakubwa wanafundishwa kuthubutu kufanya nini? Mimi nimeshawaambia mara tatu kwamba wenye vibanda hununua pakiti zetu kubwa za sabuni ya unga, wakazifungua na kuiuza sabuni kwa kijiko. Wateja wao hawana fedha za pakiti nzima. Hakuna hata mkubwa mmoja aliyewahi kuniuliza zaidi.”

Sikuwa na jibu, na swali la mzee huyo halijanitoka akilini hadi leo.

Labda nikiri mapema kwamba mimi si mtaalamu wa biashara. Kazi yangu ni maneno. Lakini maneno yana tabia ya kumwongoza mtu mahali asipokusudia kwenda, na naamini kwamba neno hili ‘ujasiriamali’ limewafikisha mameneja wetu wengi pasipostahili. Ndani yake mnasikika maneno mawili yenye asili ya Kiarabu, ‘ujasiri’ na ‘mali’. Mwenye kulisikia hudhani, bila hata kufikiri, kwamba mjasiriamali ni mtu aliyejaliwa moyo wa simba na ambaye ana mali ya kuhatarisha. Wafaransa, ambao Waingereza waliliazima neno lao, walimwita mtu huyo kwa jina lenye maana ya anayejitwika kazi fulani na kuianza. Katika jina lao simba hayumo, wala fedha hazimo. Mna kazi tu.

Msomaji anaweza kusema kwamba huu ni ushindani wa wasomi juu ya maneno. La hasha. Kila mwaka nawaaga wanafunzi wanaohitimu, na kila mwaka mgeni wa heshima huwaambia waache kutafuta ajira, wawe wajasiriamali. Maana iliyofichwa katika nasaha hiyo ni kwamba asiye na kazi amekosa ujasiri. Nimewaona vijana hao baadaye, wengine wakiwa wamekopa fedha za wazazi na kuzipoteza katika biashara wasiyoijua, kwa kuwa waliambiwa kwamba kuthubutu kunatosha. Upande wa pili wapo mameneja wanaoamini kwamba ubunifu ni kipawa cha wachache walio juu, ndiposa hawana haja ya kumsikiliza dereva wa lori. Neno moja limewaumiza wanyonge na kuwapumbaza wakubwa.

Utafiti wa biashara unasemaje? Mwanauchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1911, alifafanua ubunifu kuwa ni kuviunganisha kwa namna mpya vitu ambavyo tayari vipo. Kwake yeye, kuvumbua kitu na kukifanya kitumike sokoni ni mambo mawili mbalimbali. Karibu karne moja baadaye, mtafiti Saras Sarasvathy aliwachunguza waanzilishi 27 wa makampuni nchini Marekani, watu waliokwisha kubobea katika shughuli hiyo, akataka kujua wanavyofikiri wanapokabiliwa na jambo jipya. Katika makala yake ya mwaka 2001 alieleza kwamba mabingwa hao hawaanzi kwa lengo kubwa na kisha kutafuta mali ya kulifikia. Huanza kwa walicho nacho, yaani ujuzi wao na watu wanaowajua. Tena hawaulizi watapata faida kiasi gani. Huuliza ni hasara gani ambayo ikiwafika hawataangamia. Wahenga wetu walilisema hilo bila kuandika makala: mtu hujikuna ajipatapo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa M-Pesa, ambayo twaitumia kila siku lakini twasahau ilivyozaliwa. Katika mwaka wa 2002 hivi, watafiti waliokuwa wakichunguza matumizi ya simu nchini Uganda, Botswana na Ghana waligundua kwamba watu wa kawaida walikuwa wakitumiana muda wa maongezi, ambao hapa kwetu twauita kredo, kana kwamba ni fedha. Hakuna kampuni iliyowafunza. Mtu wa mjini alinunua kredo, akaituma kijijini, na ndugu yake akaiuza kwa jirani akapata pesa taslimu.

Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone, kwa ruzuku iliyotoka pia kwa serikali ya Uingereza, ilianza majaribio hapa Kenya pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu. Lengo halikuwa kutuma pesa nyumbani hata kidogo. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa madeni yao kwa simu. Wasimamizi wa mradi huo, Nick Hughes na Susie Lonie, waliandika baadaye jinsi wateja, ambao hawakufika hata 500, walivyouchukua mtambo na kuutumia kwa shughuli nyingine. Wapo waliolipana wao kwa wao katika biashara. Wapo waliozihifadhi fedha simuni kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Wapo waliowatumia jamaa zao.

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Msimamizi wa kawaida angaliandika katika ripoti yake kwamba wateja wanakiuka utaratibu, akataka waelimishwe. Wale walifanya kinyume. Waliuweka kando mkopo uliokuwa kiini cha mradi, wakaifuata tabia waliyoiona, na mwezi Machi 2007 huduma ya kutuma pesa ikazinduliwa nchini kote. Wanauchumi Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikadiria kwamba huduma hiyo iliziondoa katika ufukara familia 194,000, yaani asilimia 2 ya familia za Kenya. Sikatai kwamba ujasiri ulihitajika. Hata Benki Kuu ya Kenya ilithubutu iliporuhusu jambo ambalo sheria haikuwa imeliwazia. Lakini ujasiri huo ulikuja baada ya kusikiliza, na ulijua unakokwenda.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba kumsikiliza mteja ni dawa ya kila ugonjwa. Clayton Christensen, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 1997 kitabu kilichowashtua mameneja wengi. Alionyesha kwamba makampuni makubwa yaliyokuwa yakiendeshwa vyema yaliangushwa na bidhaa mpya kwa sababu yaliwasikiliza wateja wake wakubwa kupita kiasi. Wateja hao walitaka bidhaa ile ile iliyoboreshwa kidogo. Kumbe bidhaa mpya, dhaifu na rahisi, ilikuwa ikipendwa na watu wa pembeni ambao kampuni haikuwahesabu kuwa wateja. Swali basi ni hili: unamsikiliza nani? Benki zetu za miaka ile ziliwasikiliza wenye akaunti, na wenye akaunti hawakuwa na tatizo la kumtumia mama mia tano kwa kumpa utingo wa basi bahasha. Aliyekuwa na tatizo hilo hakuwahi kuingia benki, sembuse kuulizwa maoni yake.

Je, tabia hizi zaweza kufundishwa, au ni bahati ya mtu? Hapa pana tafiti mbili za Kiafrika ambazo ningependa kila meneja azijue. Ya kwanza ilifanyika mjini Lomé, Togo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu kwa kura. Kundi moja lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara, kama vile uwekaji hesabu na uuzaji. La pili lilifundishwa, kwa mbinu za wanasaikolojia, kujianzia mambo bila kungoja kusukumwa, kutazama mbele, na kutokata tamaa vizuizi vinapotokea. La tatu halikufundishwa chochote. Katika miaka miwili iliyofuata, faida za kundi la pili zilipanda kwa asilimia 30 zikilinganishwa na za wasiofundishwa. Ongezeko la kundi la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kulitenga na bahati nasibu. Almuradi kile tunachokiita ujasiri, kana kwamba mtu huzaliwa nacho, kumbe ni mazoea yanayoweza kujifunzwa.

Utafiti wa pili ulifanyika hapa Nairobi, mtaani Dandora, na kuchapishwa mwaka 2018. Wanawake wenye biashara changa waligawanywa vivyo hivyo. Baadhi walipelekwa darasani. Wengine walikutanishwa na mwanamke mzoefu wa biashara kutoka mtaa huo huo, awe mshauri wao. Darasa halikuongeza faida. Waliopata mshauri waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20 hivi, na sababu moja ilikuwa nyepesi ajabu: washauri waliwaelekeza kwa wauzaji wa jumla wenye bei nafuu. Lakini ushirikiano ulipovunjika, faida nayo ikapungua ikarudi ilipokuwa. Maarifa yaliyohitajika hayakuwa katika kitini chochote, yalikuwa kichwani mwa jirani, na yalihitaji kuulizwa tena na tena kwa sababu soko hubadilika.

Najua meneja wa kampuni kubwa atanijibu kwamba mambo ya wauza mboga wa Dandora hayamhusu yeye mwenye wafanyakazi elfu moja. Yanamhusu zaidi, kwa kuwa kampuni kubwa ina ugonjwa ambao mama mboga hana. James March, bingwa wa nadharia ya mashirika, aliueleza katika makala ya mwaka 1991. Alizitofautisha kazi mbili za kila shirika, yaani kutafuta mapya na kuyatumia vyema yaliyokwisha kujulikana. Ile ya pili huleta faida ya karibu na ya hakika, ya kwanza huchelewa na mara nyingi haileti kitu. Kwa hiyo shirika, lisipojizuia, huinyonga kazi ya kwanza pole pole, na hakuna anayeona kosa kwa sababu hesabu za mwaka huu zinapendeza.

Tazama zile karatasi ndogo za manjano tunazobandika juu ya majalada. Gundi yake ilitengenezwa katika kampuni ya 3M huko Marekani mwaka 1968 na mwanakemia Spencer Silver, na ilikuwa dhaifu mno hata haikujulikana ifanyiwe nini. Mwaka 1974 mwenzake, Art Fry, aliyekuwa akiimba kwaya kanisani na kuchoshwa na vikaratasi vilivyodondoka katika kitabu chake cha nyimbo, aliikumbuka. Bidhaa hiyo ilienea katika maduka ya Marekani mwaka 1980. Miaka kumi na miwili! Ni meneja yupi hapa kwetu ambaye angalivumilia hata miezi kumi na miwili?

Kutokana na hayo nawashauri wakubwa wetu mambo matatu. Mosi, kabla ya kulipia warsha nyingine hotelini, waketi siku moja ndani ya lori la kusambaza bidhaa au nyuma ya kaunta, watazame wateja wanaifanyia bidhaa yao jambo gani ambalo halikukusudiwa. Huko kunakoitwa kukosea kwa mteja ndiko kwenye habari. Pili, watenge fedha na muda wa majaribio madogo, kiasi ambacho kikipotea kampuni haitayumba, wala mfanyakazi hatafukuzwa. Huwezi kumhimiza mtu athubutu kwa bango huku ukimwadhibu kwa barua. Tatu, waweke njia ya wazo la mtu wa chini kufika juu na jibu lake kurudi chini, hata jibu hilo likiwa ni hapana. Mtu aliyesema mara tatu bila kujibiwa hatasema mara ya nne, na kampuni haitajua ilichokikosa.

Neno ‘ujasiriamali’ limeshaota mizizi, na mimi sina nia ya kuling’oa. Lugha ni ya watu wote, si ya walimu. Tunachoweza kufanya ni kulijaza maana iliyo bora, ili mwenye kulitamka akumbuke kuuliza na kusikiliza kabla hajathubutu.

Nilipomaliza kuvifasiri vile vitini niliongeza, kwa ruhusa ya yule mzee, aya moja kuhusu sabuni inayouzwa kwa kijiko, nikidhani itakuwa mfano mzuri wa somo. Nakala ilirudi kwangu ikiwa na mstari mwekundu juu ya aya hiyo, na pembeni maneno matatu: haihusiani na mada. Siku hizi nipitapo vibandani naitazama sabuni hiyo ikipimwa, na najua kwamba siku moja kampuni nyingine itaitia katika vipakiti vya shilingi kumi. Wakubwa wa kampuni ile watasema wamezidiwa ujasiri. Ukweli ni kwamba wamezidiwa masikio.