Maji ya Msusi na Haki ya Mteja



Juma lililopita, baada ya darsa ya wanawake, alinijia binti mmoja mwenye saluni mtaani kwetu. Akasimama mbali kidogo, akasema, "Maalim, nina swali, nami naliogopa jibu lake."

"Uliza, mwanangu."

Mifereji ilikuwa imekauka kwa siku kadhaa. Mkaazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa: maji yetu hutoka mbali, Mzima kule Taita Taveta na Baricho kando ya mto Sabaki, na yasipofika hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Binti huyu alikuwa amesikia darsani makatazo ya israfu, akaamua kumsuuza kila mteja mara moja tu, na moyoni akahisi amefanya jambo la thawabu. Kisha akaja mama mmoja kutiwa dawa ya kulainisha nywele, kwa ajili ya harusi ya mpwawe. Usiku ule ngozi ya kichwa ikamwaka moto, na asubuhi palikuwa na vidonda nyuma ya masikio.

"Je, Maalim, nilihifadhi maji au nilidhulumu?"

Nakiri kwamba swali lilinichoma, kwa kuwa darsa ile ilikuwa yangu. Nilieleza hadithi sahihi aliyoipokea Anas bin Malik, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Hakifiki lita moja. Nililosahau kulisema ni kwamba hapo mtu anajipimia maji ya mwili wake mwenyewe. Msusi humpimia mwenziwe, aliyelaza kichwa kwenye sinki, asiyeona kinachotendeka, na ambaye bei wamekwisha kupatana.

Nyingi ya dawa hizo zina alkali kali. Baadhi hutumia kostiki soda ileile inayopikiwa sabuni. Haitoki kwa suuzo moja. Yataka maji mengi yapite, kisha shampuu yake maalumu ya kuikata makali. Hapo hapana pa kupunguza. Maji yasipotosha, mteja na aambiwe arudi siku nyingine, ijapokuwa pato la siku hiyo litakwenda naye.

Basi israfu ilikuwa wapi? Mimi si wa kuingia saluni za wanawake, nikamwomba mke wangu akatazame. Maji yalikuwa yamerudi, naye akakuta mfereji umeachwa wazi muda wote povu linaposuguliwa na habari za harusi zinapoelezwa. Akakuta maji matamu yakifulia taulo na kupigia deki, ilhali ua wa nyuma una kisima cha maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayatoi povu zuri, wala si ya kusuuzia kichwa cha mtu aliyelipa, lakini sakafu haina malalamiko.

Wakakaa wawili hao wakapanga, na katika hilo sina sifa yoyote. Pipa moja limetengwa kwa vichwa pekee. Mfereji hufungwa wakati wa kusugua. Maji ya suuzo la mwisho, ambayo ni kama safi, hukingwa kwa ndoo yakamwagwe chooni. Deki ni ya maji ya kisima. Mke wangu asema pipa sasa hufika jioni bado lina maji, na hakuna mteja aliyegundua tofauti.

Ama yule mama wa vidonda, binti alikwenda kwake kwa miguu yake, akamrejeshea fedha zote na gharama ya dawa ya hospitali. Alipokea fedha. Msamaha alisema ataufikiria, na hiyo ni haki yake. Hadi ninapoandika haya bado hajajibu.