AFYA NYUMBANI: Na daktari naye asikilize



Wengi wetu tunakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Ilichukua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ilikuwako, lakini watu wengine walikimbia waganga. Kwa nini? Hesabu ya wagonjwa haikuweza kujibu.

Basi watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita mitaani, wakaandika maneno ya watu. Kumbe familia zilikuwa na shaka: mfuko wa maiti umefungwa, ndani kuna nani? Hawakukata viungo? Neno lile likasikilizwa. Ikaletwa mifuko ya kuonekana ndani, jamaa wakamwaga mtu wao wakimwona. Huko Beni vikawekwa pia vyumba vya plastiki angavu, mama akamwona mtoto wake bila kumgusa.

Huo nao ni utafiti. Hesabu inasema wangapi. Kusikiliza kunasema kwa nini. Matibabu mazuri yanataka yote mawili.

Kwa hiyo akija mtu na daftari mlangoni, muulizeni kwanza anatafuta nini, na majibu yatatufikia namna gani. Hakuna kulazimishwa, ukikataa, haki yako ya kutibiwa inabaki. Lakini mkikubali, semeni kweli, hata ya aibu: kwa nini uliacha kliniki, kwa nini dawa imelala chini ya mto. Tukinyamaza, watapanga bila sisi.