Kabla jua halijazama, mlipe aliyekuongoza



Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, iko habari fupi ambayo sisi wahubiri huiruka, pengine kwa sababu imebanwa kati ya tarumbeta za fedha na manung'uniko ya watu jangwani. Waisraeli wanajiandaa kuondoka Sinai. Wingu la Bwana litawatangulia njiani. Ungedhani Musa angetosheka na hilo, lakini anamgeukia Hobabu, Mmidiani, mtu wa ukoo wa mkewe, na kumsihi asirudi kwao. Anamwambia kwamba yeye ndiye ajuaye mahali pa kupiga kambi katika jangwa lile, basi na awe macho yao. Hobabu anakataa. Musa anamsihi tena, na kumwahidi kwamba mema yote watakayoyapata kwa Bwana naye atapata sehemu yake.

Itazame vizuri habari hiyo. Mtu mwenye wingu la Mungu juu ya kichwa chake anamwomba mwenyeji amwongoze, mwenyeji asiye wa taifa lake, na suala la malipo analitaja kabla safari haijaanza.

Nakuandikia haya kwa sababu huu ni msimu wa matembezi. Kwaya zinapanga, WAWATA wanapanga, VIWAWA wanapanga, na jumuiya ndogo ndogo nazo hazitaki kubaki nyuma. Ni siku moja, kwenda na kurudi, basi la kukodi, masufuria ya pilau nyuma ya kiti cha mwisho, fulana za rangi moja. Wa Moshi watapanda Materuni kuyaona maporomoko na kunywa kahawa iliyotwangwa mbele ya macho yao. Wenye miguu imara wataingia lango la Marangu na kutembea hadi Mandara, huku wakiomba mawingu yafunguke waione barafu ya Kibo. Sisi wa pwani tutakwenda Kaole, au Misheni ya Bagamoyo, au Saadani.

Nayaunga mkono matembezi hayo, hata kama wapo wenzangu katika upadre wanaoyaita anasa. Hapa Mkange nimekutana na watu wenye mvi ambao hawajawahi kukanyaga hifadhi iliyo jirani yao, ingawa watu wa nje wanapanda ndege kuja kuiona. Papa Fransisko aliandika waraka mzima mwaka 2015 juu ya kuitunza nyumba hii yetu ya pamoja, na ni vigumu mtu kuitunza nyumba ambayo vyumba vyake hajaviingia. Nendeni. Neno langu leo linahusu mstari mmoja tu katika bajeti zenu, mstari ambao mara nyingi haupo.

Mapadre wanne tuliosoma seminari pamoja hukutana mara moja kwa mwaka, na safari hii walikuja kwangu. Tuliamua kwenda Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambako tembo na nyati wanaishi hatua chache kutoka Bahari ya Hindi, kisha tushuke kwa boti mto Wami mpaka unapoingia baharini. Aliyetuongoza ni kijana wa hapa Mkange, Mwislamu, mtoto wa mvuvi. Jina lake ninalo. Silichapishi kwa sababu sikumwomba ruhusa.

Tulitaka kuondoka saa moja asubuhi. Akasema hapana, tusubiri maji yajae. Mwenzetu mmoja anayeongoza parokia kubwa mjini, ambaye hajazoea kuambiwa asubiri, alianza kunung'unika akitazama saa yake. Kijana akamjibu kwa adabu, "Padre, mto huu hauna saa, una bamvua na maji mafu." Tukakaa. Saa nne boti ilipita bila shida juu ya fungu la mchanga ambalo, alitueleza, wakati wa kupwa lingetushika katikati ya viboko.

Kwa saa tatu tulikuwa wanafunzi wake. Alituonyesha mamba ambao sisi tuliwaona kama magogo. Alituonyesha mbega juu ya miti ya ukingoni, na mivumo iliyosimama nyuma yake. Mahali fulani alichota maji kwa kiganja, akaonja, akasema hapa bahari imeanza. Mita chache mbele mikoko ikaanza kweli. Akatueleza kwamba mbegu ya mkoko haingoji kuanguka ndipo iote; huchipua ikiwa bado juu ya mti mama, ikarefuka kama mkuki, na ikidondoka wakati wa kupwa huchoma tope na kusimama. Mwenzetu aliyefundisha biolojia seminari ndogo alikiri kwamba hilo alikuwa amelifundisha kwa miaka mingi bila kuliona. Mwinjilisti Filipo alipomkuta yule towashi wa Kushi garini mwake akisoma Isaya, towashi hakuona haya kusema kwamba hawezi kuelewa asipopata wa kumwongoza. Mapadre tunalihubiri somo hilo kila mara tukijiweka upande wa Filipo. Ndani ya boti ile tulikuwa upande wa towashi, na nadhani ilitufaa.

Wakati wa kula ndipo alipotuambia habari yenyewe. Miezi michache kabla yetu aliongoza kwaya moja, sitasema ya wapi. Walikuwa wamelipa kiingilio, wamelipa boti, wamelipa basi. Ilipofika zamu yake, mwenyekiti akasema fedha taslimu zimekwisha, tutakurushia kwenye simu tukifika. Akasubiri wiki. Akapiga, ikapokelewa, akaahidiwa. Akapiga tena, na safari hiyo simu haikuita kabisa. Hakutuambia kwa hasira. Kitu pekee alichoongeza ni hiki: "Lakini waliimba vizuri sana, Padre. Ule wa mwisho niliupenda."

Hakuna aliyeendelea kula kwa muda.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ileile, jua lisichwe juu ya ujira wake, kwa kuwa ameuwekea moyo wake. Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo imefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Na Katekisimu inahesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu, orodha moja na kumwaga damu. Msomaji, wewe unayekwenda kuungama kila Pasaka, je, umewahi kulitaja hilo "nitakurushia"?

Najua utakachosema. Utasema kiingilio kililipwa getini. Kweli, lakini kiingilio ni cha hifadhi, na kijana aliyekushika mkono ukishuka botini hali kutoka humo. Utasema wapo waongozaji wajanja, wanaopandisha bei wakiona basi na kutunga historia papo hapo. Wapo, nimewasikia kwa masikio yangu pale Bagamoyo. Dawa yake ni ile ya Musa: patana mapema, mbele ya watu, kabla ya kuondoka. Katibu aandike kiasi hicho juu ya bei ya fulana, na fedha ziwekwe kwenye bahasha peke yake.

Liko na suala la jina. Mwenzetu wa Moshi alitukumbusha njiani kuhusu Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyeuona mlima Kilimanjaro Mei 1848. Aliona weupe juu ya kilele. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, na mwenyeji aliyeulizwa weupe ule ni nini alijibu kwamba ni baridi tu. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Wataalamu wa Ulaya, waliokaa maktabani, walibisha kwa zaidi ya miaka kumi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Leo barafu ile imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na watu wa kwanza kuliona hilo kwa macho ni haohao wanaopanda na wageni kila wiki, wakiwaonyesha mwamba mtupu mahali palipokuwa na ukuta mweupe walipoanza kazi. Sijui ni kamati ngapi zimewauliza.

Na hapa kwetu Bagamoyo tuna mnara ambao watalii wanaufahamu kwa jina la Livingstone. Mwili wake ulilazwa Misheni Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, maelfu ya hatua kwa kila jina la kijiji tusilolijua. Ukazikwa London mwezi Aprili mwaka huohuo, katika Westminster Abbey. Jacob Wainwright alikuwapo kaburini. Chuma na Susi walifika Uingereza maziko yakiwa yamekwisha. Wapagazi wengine waliobeba mzigo ule, wageni wengi wanaopiga picha pale mnarani hawaulizi hata walikuwa wangapi.

Basi mkiwa kwenye basi mnarudi, na yule mama mwenye sauti akianzisha sala ya shukrani kwa safari njema, mtajeni aliyewaongoza kwa jina lake. Kama hamlijui, dereva asimamishe gari mkamuulize. Yule mwenzetu mwenye saa, yeye alimwandika kijana wetu kwenye kitabu chake cha nia za Misa, na Jumapili iliyofuata akamtaja kijana Mwislamu mbele ya waamini elfu kadhaa wa mjini, bila maelezo. Nilimpigia kumpongeza. Akaniuliza kama bamvua ijayo ni lini.

Na ile kwaya, kama inasoma gazeti hili asubuhi ya leo kabla ya Misa: deni ni shilingi elfu sitini. Namba yake ya simu haijabadilika.