Mikono Yetu Isingoje Picha



Mwaka 2015 wataalamu wa Paris, Ufaransa, walitoa ramani ya mishipa ya damu katika ubongo wa panya, hadi mishipa yenye upana usiofika sehemu moja ya mia ya milimita. Walitumia ultrasaundi, yaani mawimbi ya sauti kama yale yanayotumika kumpima mama mjamzito. Vipovu vya gesi, vidogo kuliko chembe ya damu, hutiwa mshipani vikaenda na damu. Mashine hupiga picha nyingi mno, na kompyuta hufuata njia ya kila kipovu. Mwaka 2021 ubongo wa binadamu ulichorwa hivyo bila kupasua fuvu.

Tunawapongeza. Hata hivyo, sisi tunaoshika grenda, nyundo ya upepo na msumeno wa injini tuna neno letu.

Mtetemo wa mashine huharibu mishipa midogo na neva za vidole. Asubuhi ya baridi vidole hugeuka vyeupe, vikafa ganzi, na mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati. Haya si mageni. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliyaeleza baada ya kuwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za upepo. Hakuwa na ultrasaundi. Aliwatazama wafanyakazi mikono yao na kuwasikiliza.

Kwa hiyo mwajiri asituambie kwamba hakuna ushahidi mpaka ije mashine ya Ulaya. Picha ni msaada kwa daktari. Haifai kuwa kisingizio cha kuchelewesha haki. Ugonjwa huu ukishakomaa ni vigumu kupona.

Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unahusu hewa chafu, kelele na mtetemo kazini. Unataka afya ya mfanyakazi anayekabiliwa na hatari hizo ichunguzwe, naye asilipe hata senti. Matawi yaulize: je, serikali yetu imeuridhia?

Wakati huohuo tudai mambo matatu. Kwanza, mashine zitengenezwe kwa wakati. Pili, watu wapokezane zamu. Tatu, kila anayeona vidole vyeupe aandikwe, apelekwe kwa daktari, wala asifukuzwe kazi.

Mashine ikiharibika hununuliwa nyingine. Mkono haununuliwi.

Umoja ni nguvu!