Ultrasaundi pekee haitoshi kuilinda figo iliyopandikizwa

TANGU Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, Novemba 2017, mjadala umeegemea mno upasuaji na gharama zake. Yanayofuata kidonda kikishapona hayazungumzwi sana, ingawa mwili waweza kuikataa figo hiyo hata baada ya miaka.

Kreatinini ikipanda katika damu, kipimo kinachokimbiliwa ni ultrasaundi. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na ngozi, hivyo huonekana vizuri kuliko zile za asili zilizojificha nyuma. Kwa Doppler, daktari huona pia jinsi damu inavyopita. Figo ikivimba hubana mishipa yake, na kipimo cha ukinzani kikivuka 0.8 daktari huanza kushuku.

Kushuku tu. Ukinzani huohuo hupanda njia ya mkojo inapoziba, au figo inapodhurika kwa dawa zilezile za kushusha kinga ya mwili. Tena figo inayokataliwa yaweza kutoa picha safi kabisa. Jibu la uhakika hutokana na kipande kidogo cha figo, kinachochukuliwa kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi na kusomwa kwa darubini.

Mashine mpya huzinduliwa kwa kukata utepe. Msomaji wa kipande kile hana sherehe. Bila yeye, mgonjwa hutibiwa kwa kubahatisha, na ndugu aliyemtolea figo hana nyingine ya kumpa.