Kisima cha Nani?

Wacheza poka ya video wa Las Vegas wana kanuni yao: ukiona mashine nzuri, funga mdomo, kisima kisije kikakauka. Mimi niliyefundisha walimu miaka mingi naikataa kanuni hiyo.

Upo mchezo mmoja ambamo karata za mbili husimama badala ya karata yoyote. Jedwali lake la malipo likiwa kamili, achezaye bila kosa hurudishiwa, kwa wastani wa muda mrefu, dola 100.76 kwa kila 100. Jedwali liko wazi kwenye mashine. Kulisoma si wizi. Hapo sina ugomvi na mtu.

Lakini, ndugu msomaji, kasino haitoi sadaka. Huiweka mashine hiyo kwa kuwa wengi hukosea, na makosa yao ndiyo maji ya kisima. Ajuaye akanyamaza humwacha jirani apoteze kodi ya nyumba, kisha ukimya huo akauita busara.

Wataniambia: ukisema, mashine itaondolewa. Na iondolewe! Kama faida yako yategemea ujinga wa mwenzako, huo si ujuzi. Ni mtego wenye walinzi wawili, mwenye kasino na wewe.